Pawalaini kwa nyumba ya Mji wa Kale: zima meni swichi kwanza ndo uende dukani

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo tu:

"Assalam aleikum. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Kibokoni, ya ghorofa na juu kabisa kuna chumba kilojengwa darini. Faiba imeingia chini kwa mama, rauta iko ukumbini, tumelipia mega 40. Mie nafanya kazi ya kuhudumia wateja kwa kompyuta nikiwa hicho chumba cha juu, waifai hainifikii, ikifika ni kimstari kimoja, naongea na mteja nakatika katikati ya maneno. Fundi ameniambia ninunue pawalaini. Dukani nimeona iloandikwa 600, nyengine 1000, nyengine 2000, na bei zapishana sana. Nichukue ipi? Mama naye aogopa ati itaunguza nyaya. Chumba changu kina soketi mbili tu, moja ina friji ndogo. Kilijengwa baadaye, stima yake sijui fundi aliivuta kutoka wapi, na nyumba ina mita mbili kwa sababu ghorofa ya kati tuna wapangaji."

Wa aleikum salaam dada yangu, na mpe mama salamu zangu. Kabla hatujafika kwa hizo 600 na 2000 nikwambie, swali lako limejijibu nusu lenyewe pale mwisho uliposema mita mbili na stima hujui ilivutwa kutoka wapi. Hapo ndo penye kazi. Pawalaini, yaani jozi ya adapta za kupitisha intaneti kwenye waya za stima za nyumba, haijui umelipa pesa ngapi, yenyewe yatazama waya, na kama waya wa soketi ya mama na waya wa soketi yako hazikutani vizuri mahali, basi hata ukinunua ile ghali kuliko zote utaichomeka ukutani na taa itabaki nyekundu.

Vile inavofanya kazi ni hivi. Adapta moja waichomeka chini karibu na rauta na waziunganisha kwa kebo fupi ya ethaneti, ya pili waichomeka chumbani kwako, na laptopu waiunganisha kwa hio ya pili. Ile ya chini huchukua data na kuigeuza mawimbi madogo ya kasi sana, kwa zile za standadi ya HomePlug AV ya mwaka 2005 ni masafa ya karibu megahezi 2 mpaka 28, kwa HomePlug AV2 iliyokuja 2012 yapanda mpaka 86, halafu huyapakia juu ya umeme uleule wa volti 240 ulioko kwenye waya. Stima yetu hutetema mara 50 kwa sekunde, haya mawimbi mamilioni ya mara, kwa hivo yote mawili hupita waya mmoja na hayachanganyiki, kama vile kwa harusi wasikia ngoma na wasikia zumari na kila kimoja wakijua. Adapta ya juu huacha ngoma na kuchukua zumari peke yake.

Na fundi wako hakukosea kufikiria njia ya waya, nataka ulijue hilo. Huwa inaniuma mie hii, kwamba faiba ya nchi hii yaingilia hapahapa kwetu, kebo ya baharini ya TEAMS ilifika Mombasa 2009 kutoka Fujairah, SEACOM mwaka uohuo, EASSy ikafuata 2010, data imepita chini ya bahari maelfu ya kilomita halafu yaja kushindwa na kuta tatu za Kibokoni. Lakini kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, kwengine unene wafika nusu mita, sakafu zimelala juu ya boriti na zege nzito, na ukuta wenyewe ukishavuta unyevu wa hapa pwani ndo wazidi kumeza mawimbi. Waifai ya gigahezi 5 hapo haina lake, ya 2.4 hupenya zaidi kidogo na ndo hio kimstari kimoja unayoiona. Kuongeza antena au kununua kile kidude cha kurudia waifai ukakiweka kwa ngazi mara nyingi ni kukirudia hichohicho kimstari kimoja.

Sasa hebu fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Chagua saa ya mchana ambayo hauko kazini, mwambie mama, halafu zima meni swichi ya mita ya mama, ile kubwa kwenye boksi. Panda juu ujaribu soketi zako zote mbili, kwa chaja tu ya simu watosha kujua. Zikiwa zimekufa zote, alhamdulillahi, chumba chako kiko kwenye mita ya mama, pawalaini ina nafasi nzuri na hii habari yote ya mita waweza kuiruka. Zikiwa bado ziko hai, rudisha ya mama, waombe wapangaji radhi dakika mbili, zima yao uone. Nimeona pia nyumba ambapo soketi moja ya chumba ilikuwa kwenye mita hii na ya pili kwenye mita ile, kwa hivo usijaribu moja ukaridhika.

Na ikitokea ni mita ya wapangaji inayokulisha, dada yangu, hapo kabla ya intaneti kuna haki ya watu, kwa sababu friji yako na laptopu yako zimekuwa zikila tokeni zao na huenda wao hawajui na weye hukujua. Litengenezeni hilo kwanza. Fundi wa stima akiuhamisha waya wa chumba chako upande wa mama mtakuwa mumemaliza mambo mawili kwa siku moja.

Kama haiwezekani kuhamisha, basi swali lifuatalo ni fezi. Umeme hutoka kwa transfoma ya mtaani kwa laivu tatu, kila moja ni fezi yake, na nyumba ya kawaida huchukua moja. Mita mbili za nyumba moja zaweza kuwa zimefungwa fezi moja au fezi tofauti, kwa macho huwezi kujua. Zikiwa fezi moja, mawimbi ya pawalaini yatatoka kwa mita moja na kuingia nyengine, yatachoka njiani lakini yaweza kufika na kitu cha kufaa. Zikiwa fezi tofauti, kuna wakati mawimbi huruka kwa sababu waya zimelala ubavu kwa ubavu kwenye bomba moja, mie nimeliona hilo, lakini usinunue kwa kutegemea hilo. Fundi wa stima mwenye leseni hujua kwa kupima mara moja, aweka mita yake kati ya laivu ya boksi hili na laivu ya boksi lile, ikisoma karibu na sifuri ni fezi moja, ikisoma kwenye 415 ni fezi mbili. Hio 415 ni volti za kuua mtu, usijaribu mwenyewe na usimruhusu kijana wa jirani ajaribu, nakuomba.

Haya, tuje kwa hizo namba. 600, 1000 na 2000 ni kasi ya chipu kwa chipu kwenye waya mzuri kabisa, mfupi, mpya, usio na kitu chengine juu yake, na ndani ya hio kasi kuna mzigo wa kurekebisha makosa na kupeana zamu kwa sababu waya ni mmoja, adapta moja ikisema nyengine yanyamaza. Kile kinachofika kwa laptopu mara nyingi ni robo au chini ya hapo, kwenye nyumba ya zamani chini zaidi. Halafu kuna jambo ambalo boksi haliliandiki kwa herufi kubwa, geuza boksi utazame tundu la ethaneti. Chukua mfano TL-PA4010 ya TP-Link, hio ni ya 600 lakini tundu lake ni la mega 100, kwa hivo hata waya wako uwe wa dhahabu hutotoa zaidi ya 100 hapo. TL-PA7017 ni ya 1000 na tundu lake ni la gigabiti, yaani mega 1000. TL-PA9020 ni ya 2000, ina matundu mawili ya gigabiti.

Weye una mega 40. Nyumba yako ikikupa 60 iliyotulia, umefika, faiba yenyewe haina zaidi ya kukuletea. Kwa kazi yako ya kuongea na wateja hata hio 40 yote huihitaji, simu ya sauti hula kidogo sana na simu ya video mega chache tu, unachotafuta weye ni mtiririko usiokatika, na huo hauandikwi kwenye boksi lolote.

Hio 2000 mie sikushauri kwako, na sababu si bei peke yake. Zile za 1200 na 2000 hupata kasi yao ya ziada kwa kutumia waya zote tatu, laivu, nyutro na athi (ule waya wa usalama uendao ardhini), yaani zatuma mikondo miwili ya mawimbi kwa pamoja. Plagi yetu ina miguu mitatu kwa hivo adapta yaingia bila shida, lakini swali ni je nyuma ya soketi athi iko kweli? Kwa nyumba za Mji wa Kale zilizofungwa stima miaka mingi, na chumba kilichoongezwa baadaye na fundi ambaye hata hamkumbuki alivuta kutoka wapi, mie nisingeapa. Athi ikikosekana adapta haifi, yarudi kutumia laivu na nyutro peke yake, na ile pesa ya ziada umeitupa baharini. Na hapa naomba nitoke kwa intaneti kidogo, mukigusa friji kwa mkono wenye maji mukasikia kutetema au ganzi, iteni fundi wiki hiihii, kukosa athi ni hatari ya mtu na si ya spidi.

Utasikia pia kuna aina nyengine yaitwa G.hn, devolo Magic 2 ni mojawapo, boksi lake laandikwa 2400. Ni nzuri na huvumilia waya mbovu vizuri, lakini G.hn na HomePlug ni kama watu wawili wa lugha mbili, hawasikizani kabisa. Ndo maana nunua jozi ndani ya boksi moja, usichukue moja ya kutumika kwa mtu na nyengine mpya ukatarajia zitaoana.

Kelele za waya ndo adui mkubwa na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu hurudisha adapta nzima dukani kwa makosa ya kitu chengine. Kila kitu chenye saketi ya bei rahisi humwaga uchafu wake kwenye waya, na adapta lazima isikie mawimbi yake katikati ya hio fujo. Nilikuwa na mteja mtaa wa Tudor, adapta zake zafanya kazi vizuri mchana kutwa, ikifika Magharibi zafa, saa nne usiku zafufuka. Nyumba nzima waliilaumu pampu ya maji kwa sababu nayo huwashwa jioni kupandisha maji kwa tangi, na mie pia niliishuku pampu, nikabadilisha soketi, nikabadilisha mpaka adapta. Siku ya tatu nikakaa pale tangu alasiri na laptopu mapajani, pampu ikawashwa, spidi ikashuka kidogo na kurudi. Halafu ikaadhiniwa, mtoto akawasha taa ya ngazini, na hapohapo laini ikakatika. Tukaizima, ikarudi. Balbu ya LED isiyo na jina, ndani yake hakuna kichujio cha maana. Tulinunua nyengine nzuri na mpaka leo hawajanipigia tena kwa jambo hilo.

Kwa hivo nyumbani kwenu vya kuangalia ni hizo balbu, chaja za simu za bei ya barabarani ambazo ni mbaya sana hasa zikiwa soketi ileile ya adapta, pampu, eyakondishena ya inveta kama wapangaji wanayo, na lile panka la dari. Panka lenyewe halina neno, ni regulata yake, ile ya zamani nzito ya hatua tano haina shida sana, ile ya kisasa ya kuzungusha kama ya kupunguza taa ndo hupiga kelele. Birika la umeme na pasi hazina kelele, hizo huchemsha tu.

Mahali pa kuchomeka. Ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni, na hata siku moja usiweke nyuma ya friji gadi wala ekstensheni yenye kinga ya radi wala UPS (ile betri ya akiba ya stima ikipotea), kwa sababu vyote hivyo vimetengenezwa kuzuia mawimbi ya ajabuajabu yasipite na kwa macho yao pawalaini ni wimbi la ajabu. Watu wengi chini wameziweka rauta na tivi kwenye ekstensheni moja yenye kinga, waichomeka adapta hapohapo, halafu washangaa. Kwa upande wa mama hakikisha adapta ina tundu lake la ukutani.

Juu weye una soketi mbili na moja ina friji, kwa hivo tafuta modeli yenye tundu la soketi mbele yake, kwa TP-Link huwa zina herufi P mwishoni, TL-PA4010P au TL-PA7017P. Uzuri wake si kwamba wapata soketi yako tena tu, lile tundu la mbele lina kichujio ndani yake, ukichomeka chaja ya laptopu hapo kelele zake hazirudi kwa waya. Friji iache kwenye soketi yake na gadi yake.

Na soketi zenyewe zikague. Hapa kwetu hewa ina chumvi, soketi ikikaa miaka vile vyuma vya ndani vyashika kutu ya kijani na vyalegea, taa itawaka na friji itafanya kazi lakini mawimbi madogo kama haya hupotea palepale kwenye mguso mbaya. Soketi inayocheza plagi ikiingia, inayopata moto, au yenye harufu ya kuungua, ibadilishe zote mbili, ya chini na ya juu. Ni kazi ya nusu saa na mara nyengine imenipa spidi zaidi kuliko kubadilisha adapta.

Sasa wasiwasi wa mama. Mwambie hayo mawimbi ni madogo mno, hayana nguvu ya kupasha waya moto, na adapta yenyewe hula wati chache tu, yapata uvuguvugu ukiigusa na hio ni kawaida. Kinachounguza ni soketi iliyolegea kama niliyokwambia, adapta ya bandia isiyo na kibandiko cha KEBS, au mtu kutumia lile tundu la mbele akatia ekstensheni yenye birika na pasi kwa pamoja, plagi zetu mwisho wake ni ampia 13. Kama nyumbani kuna mzee asikilizae redio ya masafa mafupi, mwambieni huenda akasikia mkwaruzo redio ikiwa karibu na adapta, kwa sababu masafa ni yaleyale, aisogeze au aitumie kwa betri mbali kidogo na soketi.

Kuna jambo fundi wako huenda hakukwambia, na kwa mtu wa kazi kama yako ni kubwa. Stima ikipotea pawalaini yapotea nayo. Ile UPS ndogo ya volti 12 ambayo watu siku hizi hufungia rauta itaiweka rauta ya mama hai, faiba itakuwa hai, lakini adapta zako zataka 240 kutoka ukutani na UPS hio haina. Utabaki juu na laptopu yenye chaji na huna intaneti, ushuke ukumbini na mteja sikioni.

Ndo maana sitokuwa mkweli kwako nisipokwambia hili. Kama kuna njia yoyote ya kupitisha kebo ya ethaneti kutoka ukumbini mpaka darini, pitisha kebo uachane na adapta kabisa. Cat5e hubeba gigabiti mpaka mita 100, na nyumba yenu kwa kufuata ngazi sidhani yafika hata 30. Haijali fezi, haijali mita, haijali balbu ya ngazini, na stima ikipotea yafanya kazi maadamu rauta iko hai na laptopu ina chaji. Ukinunua kebo mwambie muuzaji wataka ya shaba tupu, halafu usimwamini, kwaruza waya mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani ya wekundu hio ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache. Ipitishe ndani kwa pembe ya ngazi na klipu, iwe mbali kidogo na waya za stima zisilale pamoja njia nzima. Nje usipitishe ovyo, kwanza jua la hapa huipasua kebo ya kawaida, lazima iwe ile nyeusi ya nje, na pili Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kabla hujatoboa ukuta wa mbele au kuning'iniza kitu kwenye roshani ulizia ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Na hata ile kazi ya kuvuta waya mpya wa stima kutoka kwa boksi la mama mpaka kwako, kama shabaha yake ni pawalaini tu, basi fundi akishapanda ngazi na waya mkononi heri waya wenyewe uwe wa ethaneti.

Najua lakini ngazi yenu yapita mlangoni kwa wapangaji na pengine mama hataki kuona klipu ukutani, ndo nyumba zilivo, kwa hivo kama kebo imeshindikana turudi kwa pawalaini na nikupe jibu lako. Soketi zako zikizimika na meni ya mama, chukua ya 1000 yenye tundu la gigabiti na soketi mbele, kwa sababu siku mukipandisha faiba kupita mega 100 hutokuwa na haja ya kununua tena. Pesa zikiwa za kubana, ya 600 yenye soketi mbele itakutosha kwa hio 40 wala usione umechukua duni. Zikiwa mita mbili fezi moja, 1000 lakini kwa kujaribu kwanza. Fezi mbili, usinunue.

Laptopu iunganishe kwa kebo kutoka kwa adapta, hio ndo ya kazi. Ukitaka na waifai ya simu huko juu kuna jozi ambazo adapta ya pili ina waifai ndani, TL-WPA4220 ni ya 600 na waifai yake ni ya 2.4 peke yake, TL-WPA7617 ni ya 1000 na ina zote mbili. Au kama muna rauta ya zamani kabatini itumie hio, zima kazi yake ya kugawa anwani, yaani DHCP, halafu kebo itie kwenye tundu moja la LAN na si lile la WAN, itakuwa kituo cha waifai tu na haitogombana na rauta ya mama kwa kugawa anwani.

Ukizifunga tu, kabla ya yote, bonyeza kile kitufe cha kuoanisha, moja halafu nyengine ndani ya dakika mbili. Zikitoka kiwandani adapta nyingi za HomePlug huwa na jina lilelile na ufunguo uleule, na mawimbi hayakomi kwenye mita yako, mpangaji wa kati akija kununua zake zaweza kuingia kwenye mtandao wako bila yeye wala weye kujua. Ukibonyeza zatengeneza ufunguo wenu wenyewe, na kuanzia hapo data yafungwa kwa ufunguo huo, kwa njia ya kuficha data iitwayo AES ya biti 128.

Upande wa dukani, ongea na muuzaji kabla ya kulipa, mwambie wazi wataka kujaribu nyumbani siku tatu na boksi utalirudisha zima, risiti iandikwe hivo. Muuzaji wa kweli wa vitu hivi ajua kwamba nyumba hukataa, atakubali. Asiyekubali tafuta mwengine, au azima jozi kwa mtu hata iwe ya zamani, shida ya fezi itaonekana hata kwa ya zamani.

Ukijaribu anza chini, laptopu kwa kebo moja kwa moja kwa rauta, pima spidi uandike. Ndo upande juu upime kwa adapta, mchana, kisha usiku taa zote zikiwa zimewaka na pampu yapiga. TP-Link wana programu yaitwa tpPLC itakayokuonyesha adapta zasemezana kwa kasi gani, hio namba itakuwa kubwa kuliko spidi yako ya intaneti na usiishangae, tazama kama yarukaruka, ikiwa leo 180 na baada ya dakika 20 basi kuna kitu kimewashwa mahali. Halafu piga simu ya video ya nusu saa na mtu wa nyumbani saa zilezile za kazi yako, usimalize majaribio kwa kupima spidi tu.

Niandikie hizo soketi mbili zilizimika na meni ipi, na kama soketi ya friji na ile nyengine ni za upande mmoja, kwa sababu zikiwa mbalimbali yaweza kuwa la kufanya ni kubadilishana tu, friji ije huku na adapta iende kule.